Kasha la bastola chini ya kiti: miezi minane ya jua la Dodoma

Nafanya biashara ya mahindi na alizeti kati ya Kibaigwa na Dodoma mjini, na kwa kuwa msimu wa mavuno hunilazimu kusafiri na fedha taslimu, ninamiliki bastola ya milimita 9 yenye leseni. Kuibeba hakujawahi kunisumbua. Kilichonisumbua ni mahali pa kuiacha, kwa sababu benki, mahakamani na katika ofisi nyingi za serikali huingii na silaha, na mji huu umejaa ofisi. Kwa miaka miwili nilikuwa naifungia kwenye kidroo cha dashibodi, ambacho mtoto wa darasa la tatu mwenye bisibisi angekifungua, na nalisema hilo kwa aibu. Mwezi Machi nilinunua kasha dogo la chuma la kufunga chini ya kiti cha abiria, kwa shilingi 185,000.

Kasha lenyewe ni imara. Lilikuja na waya wa chuma wa kulizungushia mguu wa kiti, lakini waya ule mkasi mkubwa wa fundi unaukata mara moja, kwa hiyo nilimwomba fundi wangu atoboe sakafu ya gari na kulifunga kwa bolti nne, nati zikiwa ndani ya kasha, ili asiyelifungua asiweze kuling'oa. Kabla ya kutoboa alilala chini ya gari kuangalia bomba la mafuta na nyaya zinapita wapi. Usikubali fundi anayeruka hatua hiyo.

Kila ninayemwonyesha huuliza kama risasi hazitalipuka kwa joto. Hazitalipuka: baruti ya risasi haiwaki yenyewe mpaka ifikie nyuzi zaidi ya 150 za Selsiasi, na gari lililofungwa juani halikaribii hapo. Mchana mmoja wa Oktoba, saa nane, niliweka kipimajoto. Nje kulikuwa na nyuzi 32, juu ya dashibodi 71, na ndani ya kasha 46. Hasara ya joto huja polepole, kwani risasi zikikaa humo miezi kwa miezi baruti huchakaa na risasi haiaminiki tena, ndiyo maana watengenezaji husisitiza mahali pakavu penye ubaridi. Kwa hiyo zangu hazilali garini hata usiku mmoja, na kivuli cha mwarobaini nakitafuta kabla sijatafuta maegesho yaliyo karibu na mlango.

Malalamiko yangu ya kwanza ni sponji nyeusi iliyotandikwa ndani. Aprili, mvua zikielekea kuisha, niliinua bastola nikakuta upande uliolala chini una kutu ya vitone-vitone, imefuata matundu ya sponji yenyewe kana kwamba mtu ameigonga muhuri. Sponji hunyonya mafuta ya silaha, kisha ikashika unyevu mahali pake. Niliibandua yote. Sasa bastola inakaa kwenye kitambaa kikavu cha pamba ninachobadilisha kila Jumapili, na pembeni nimeweka vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

La pili ni kufuli. Lina vitufe vya namba vinavyotumia betri nne ndogo, na muuzaji alinihakikishia kuwa zinadumu mwaka mzima, labda kwa sababu hajawahi kuegesha Bahi mwezi wa Novemba. Nilikaa na mteja saa mbili, nikarudi, nikabonyeza namba: kimya, hata taa nyekundu haikuwaka. Betri zilikuwa zimevuja uji mweupe. Ufunguo wa dharura upo, ila nilikuwa nimeuacha nyumbani, na hilo ni kosa langu, nikaendesha mpaka Dodoma na bastola nisiyoweza kuifikia. Lipo kasha la aina hii lisilo na betri, la ufunguo mtupu, tena kwa bei ya chini kidogo. Kama ningenunua leo ningechukua hilo.

Pamoja na hayo nalitumia kila siku, kwa saa moja au mbili tu. Naondoa magazini, kile kibebeo cha risasi, na kuhakikisha chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, ni tupu nikiwa bado nyumbani, na ninapokwenda benki naifungia ndani ya kasha kabla sijatoka uani, kwa sababu kushikashika bastola kwenye maegesho, mbele ya vijana wanaoosha magari, ni kumwonyesha mwizi pa kuanzia. Risasi zina kisanduku chao na kufuli lake. Usiku kasha hubaki tupu, maana gari likiibwa zima bolti nne hazisaidii kitu, na leseni ina jina langu. Ufunguo wa pili anao mke wangu.