Viatu vya ultra ya milimani: vya kununua kwanza na vya kuviacha dukani

Kwenye kilomita ya kumi kila kiatu ni kizuri. Anayenunua kiatu cha ultra, yaani mbio ndefu kuliko marathoni, awaze kilomita ya sabini: mguu umevimba, soksi imelowa, kucha zimeanza kuuma, na mbele kuna mteremko mrefu wa mawe. Kiatu ambacho bado kitavalika wakati huo ndicho cha kulipia, hata kama dukani kilionekana kipana mno au kizito kidogo. Nimepanga orodha hii kwa kigezo hicho, nikimfikiria mtu anayejiandaa kwa ultra yake ya kwanza au ya pili ya milimani, kati ya kilomita 50 na 160. Anayewania jukwaa la washindi ana hesabu zake nyingine.

Saizi kabla ya jina

Mguu ukipigishwa lami au mawe kwa saa nyingi huvimba, na hakuna kampuni inayoweza kukuzuilia hilo. Kwa hiyo acha nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole cha mguu kilicho kirefu kuliko vyote. Kwa baadhi yetu kidole hicho ni cha pili, si kile kikubwa, basi angalia mguu wako vizuri. Pima jioni, miguu ikiwa imeshachoka na kutanuka, ukivaa soksi zilezile za kukimbilia. Pima ukiwa umesimama, na miguu yote miwili, maana mara nyingi hailingani. Kiatu kifuate mguu mkubwa.

Kisha tafuta ngazi au mteremko, ushuke kwa kishindo. Vidole vikigusa mbele, kirudishe. Watu huogopa vilima vya kupanda, lakini kucha hung'olewa na kushuka. Mbio za Western States za California, za maili 100 (kilomita 160 hivi), zina jumla ya takriban mita 5,500 za kupanda na mita 7,000 za kushuka. Mbio za UTMB zinazunguka mlima Mont Blanc, barani Ulaya, na kurudi palepale zilipoanzia, mji wa Chamonix, kwa hiyo karibu mita 10,000 unazopanda katika kilomita 170 hivi lazima uzishuke zote. Kiatu kinachobana dukani kitakudai kwenye mteremko wa tatu tu.

Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya kiatu ilhali mbele kuko sawa, usikimbilie saizi ndogo. Tazama juu kabisa, karibu na kifundo: viatu vingi vina tundu moja la ziada ambalo watu hawalitumii. Pitisha kamba kwenye tundu hilo upande uleule ili ifanye kitanzi kidogo, fanya hivyo na upande wa pili, halafu ingiza kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili kabla ya kufunga. Vuta kuelekea chini. Kisigino kikiendelea kucheza hata baada ya hapo, kiatu hicho si chako.

Kuhusu soli, kwa ufupi: meno ya milimita 3 hadi 4 yanatosha kwa njia kavu na ngumu, 5 yanafaa karibu kila mahali, na kuanzia 6 kwenda juu ni ya matope. Meno marefu kwenye mwamba mkavu huyumba na kuisha haraka. Kwenye mwamba wenye maji, ubora wa mpira wenyewe una kazi kubwa kuliko urefu wa meno.

1. Hoka Speedgoat

Huyu ndiye wa kuanza naye. Soli ni nene, mpira wa chini ni Vibram Megagrip, aina inayoshika vizuri hata palipolowa, meno ni ya milimita 5, na kiatu kinasamehe hatua mbovu za mtu aliyechoka. Kimepewa jina la utani la Karl Meltzer, mkimbiaji wa Marekani mwenye ushindi mwingi sana wa mbio za maili 100, kwa hiyo tangu mwanzo kimelengwa umbali huu. Tahadhari mbili. Toleo la 6 ni gumu kidogo chini ya mguu kuliko la 5, kwa hiyo aliyelipenda la 5 asiagize la 6 bila kulijaribu. Pili, mwenye mguu mpana atafute moja kwa moja saizi pana. Ile ya kawaida hubana pembeni.

2. Altra Olympus, na mdogo wake Lone Peak

Kama vidole vyako hutoka na malengelenge kila mara, pengine hii ingekuwa namba moja kwako. Altra hutengeneza sehemu ya mbele kwa umbo la mguu wenyewe, vidole vikae vimetandazika. Olympus ina soli ya takriban milimita 33, Lone Peak takriban 25. Kwa zaidi ya kilomita 80 ningechukua Olympus bila kusita. Lone Peak iliyo nyembamba itakufanya ulihisi kila jiwe usiku.

Gharama yake iko kwenye misuli. Kisigino na sehemu ya mbele viko kimo kimoja, yaani dropu ni sifuri, wakati viatu vingi vya kukimbilia huinua kisigino milimita 4 hadi 10. Tofauti hiyo huhamishia mzigo kwenye misuli ya nyuma ya ugoko na ukano wa kisigino. Hamia taratibu, ukianza na mbio fupi, kwa miezi. Kama shindano lako liko wiki sita mbele na hujawahi kuvaa dropu sifuri, ruka namba hii.

3. Brooks Cascadia

Haina mbwembwe. Scott Jurek, bingwa wa ultra wa Marekani, alishiriki kuisanifu, na sifa yake ni kuvumilia: imetulia, ina kinga ya mawe chini ya unyayo, haidai mguu ubadilike. Ni nzito kiasi na haina mruko. Anayetoka kwenye viatu vya barabarani ataizoea upesi.

4. La Sportiva Bushido

Kwenye mawe yaliyochongoka na kingo nyembamba, hiki kinashika kuliko vyote vilivyo juu. Ila ni chembamba, kigumu, na sponji yake ni kidogo. Kwa kilomita 50 za miamba, naam. Kwa maili 100, waachie wenye miguu ya chuma.

5. Vyenye bamba la kaboni ndani ya soli, kama Hoka Tecton X

Vinaruka, vinapendeza, na wanaoongoza mbio wanavivaa. Faida yake huonekana njia ikiwa laini na wewe ukiwa bado unakimbia. Ultra ya mtu wa kawaida ina kutembea kwingi, hasa mlimani, na sponji laini juu ya mawe yasiyo sawa huweza kukuyumbisha kifundo. Tena vingi havidumu kama viatu vya mazoezi. Pesa hiyo ingenunua jozi mbili za namba moja zilizoshuka bei baada ya toleo jipya kutoka.

6. Salomon Speedcross

Kiko mwisho kwa sababu watu hukinunua kwa sura. Kwenye matope na nyasi zilizolowa ni mwalimu, lakini kwenye mwamba wenye maji huteleza, na dropu yake ya milimita 10 si ya kila mtu. Kama njia yako ni matope mwanzo hadi mwisho, kipandishe hadi namba moja.

Toleo la Gore-Tex (utando wa kuzuia maji) la kiatu chochote hapo juu, liache. Maji yakishaingia kwa juu, ukivuka mto mara moja tu, yanabaki humo yakikuloweka mguu hadi ngozi ilainike na kuchubuka. Kiatu chenye kitambaa cha wavu wa kawaida hutema maji ndani ya dakika chache.

Ukishachagua, kivae kwenye mazoezi marefu, pamoja na soksi, gel zako na begi lako, kabla ya siku yenyewe. Na kama mbio zako zinaruhusu mfuko wa akiba kwenye kituo cha katikati, weka humo jozi ya pili iliyozidi nusu saizi, pamoja na soksi kavu.