Uzoefu wangu na snmpwalk: niliiuliza printa yenyewe kabla ya kutoa hela

Mwezi wa nne nilikuwa natafuta printa ya leza ya mtumba kwa ajili ya steshenari yangu. Aliyewahi kununua mtumba anajua shida yake: nje inafutwa mpaka inang'aa, lakini kazi iliyokwisha kufanya huioni kwa macho. Ndipo nilipoanza kutumia snmpwalk na mwenzake snmpget, amri za kompyuta za kukiuliza kifaa taarifa zake kupitia mtandao, na tangu hapo sinunui printa bila kuzitumia.

Zote mbili zimo kwenye kifurushi cha Net-SNMP, ni za bure. Kwenye laptopu yangu ya Ubuntu (mfumo wa Linux) nilipakia kwa amri moja, sudo apt install snmp. Hakuna vitufe wala picha. Unaandika amri, printa inajibu. Ila lazima printa iwe kwenye mtandao, wa kebo au Wi-Fi. Ile ya USB peke yake haitakujibu kitu.

Nilikwenda dukani na laptopu na rauta ndogo. Muuzaji akanionyesha printa, juu yake imewekwa karatasi ya taarifa zake: kurasa 14,212. Nikamwomba niichomeke kwenye rauta, akaniruhusu. Nikaandika amri hii; 192.168.1.50 ni anwani ya printa kwenye mtandao, na namba ndefu ya mwisho ni ya kaunta ya kurasa ilizochapa:

snmpget -v2c -c public 192.168.1.50 1.3.6.1.2.1.43.10.2.1.4.1.1

Jibu likaja: Counter32: 163540.

Nikadhani nimekosea tarakimu. Nikarudia, ikaja ileile. Basi nikauliza siriali namba, nayo ipo kwenye 1.3.6.1.2.1.43.5.1.1.17.1. Ililingana na stika ya nyuma ya mashine, haikulingana na ya kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa ya printa nyingine kabisa! Muuzaji mwenyewe alishangaa; mzigo ulishuka mwingi kwa pamoja, karatasi zikachanganyika. Sikuona sababu ya kugombana naye. Tukapima nyingine tatu, nikachukua yenye 28,316.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba zile namba ndefu si za kampuni moja. Zimewekwa kwenye kanuni ya pamoja ya printa, RFC 3805 ya mwaka 2004, kwa hiyo swali nililoiuliza HP ndilo ninaloiuliza Kyocera au Brother. Ukitaka kuona kila kitu, andika snmpwalk na uishie kwenye 1.3.6.1.2.1.43; itakumwagia mistari mingi sana: trei, wino, hata maneno yaliyopo kwenye kioo cha printa muda huo. Mashine za zamani zikikaa kimya, badilisha -v2c uweke -v1, toleo la zamani zaidi.

Kwenye wino kuwa makini. Kiasi kilichobaki kiko 43.11.1.1.9 (nimefupisha, mbele yake kuna 1.3.6.1.2.1 kama kwenye namba za juu), na ujazo kamili uko 43.11.1.1.8; gawanya cha kwanza kwa cha pili upate asilimia. Wakati mwingine inarudi -3, maana yake wino upo ila mashine haijui ni kiasi gani, au -2, haijui kabisa. Na katriji ya kujaziwa unga (ndio wino wa printa ya leza) ikibadilishwa chipu inaweza kusoma 100 hata kama fundi alijaza nusu. Hapo namba inatoka kwenye chipu, haitoki kwenye unga. Mimi bado naitoa katriji na kuipima kwa mkono.

Jambo jingine ni hilo neno public kwenye amri. Ni neno la kupitia ambalo printa nyingi hutoka nalo kiwandani, kila mtu analijua. Maana yake mteja yeyote aliyeunganishwa na Wi-Fi ya duka lako anaweza kusoma nilichosoma mimi. Nililibadilisha siku ileile, kisha nikawatengea wateja mtandao wao.

Kukariri namba hizo ni kazi, sitaficha. Nimeziandika kwenye kipande cha boksi nimekibandika ukutani, karibu na mashine ya fotokopi. Kila Jumamosi jioni kabla ya kufunga nasoma kaunta na kuilinganisha na daftari la mauzo, ukurasa kwa ukurasa, nikikumbuka kwamba karatasi iliyochapwa pande mbili inahesabiwa mara mbili. Jumamosi iliyopita ilisoma 41,070.