Lenzi ya kubana kwenye simu, kwa wapiga picha wa kerengende

Nimeinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, shilingi 25,000. Kaka muuzaji aliniacha niijaribu kwanza juu ya noti. Napiga kerengende wembamba, wale wanaokunja mbawa wakitua, kwenye matuta ya mchicha bonde la Msimbazi. Dume la Ischnura senegalensis, aina mojawapo ya hao wembamba, halihitaji lenzi: pingili ya nane ya mkia ni ya buluu, basi. Kazi ipo kwa Pseudagrion, jenasi nyingine ya hao wembamba yenye spishi nyingi. Rangi zinafanana mno, madume hutofautishwa kwa vibanio vya ncha ya mkia, vile vya kumshikia jike, na sasa naviona mpaka umbo la ndoana! Piga kwa ubavuni, kisha kwa juu. Nenda alfajiri, wakiwa wazito kwa umande. Klipu ya plastiki imeshalegea, nimeifunga mpira.