Tairi pana nyuma kwenye pikipiki ya zamani: nunua lipi, acha lipi

Kila mwenye pikipiki ya zamani kuna siku anaiangalia kwa nyuma, anaona tairi jembamba kama la baiskeli, roho inamuuma, anaanza kutafuta pana. Mimi nilianzia hapo hapo. Nilikuwa na Honda CB750, zile zinazokuja na 4.00-18 nyuma (upana inchi 4, ringi ya inchi 18), nikanunua 130/80 (upana milimita 130, kimo cha ubavu asilimia 80 ya upana) kwa macho tu kwa sababu lilivyojaa pale dukani lilinivutia, fundi akalifunga, likaingia, tukapeana mikono. Siku ya tatu nasikia harufu ya mpira, nashuka kuangalia, cheni imeparua ubavu wa tairi mstari mzima kuzunguka, yale maandishi ya saizi yamelika, imebaki moja ya mwanzo na sifuri ya mwisho. Tairi jipya kabisa hilo.

Kwaiyo kabla ya kuuliza tairi gani zuri, jua una milimita ngapi upande wa cheni. Upande wa pili mara nyingi kanafasi kapo, ila cheni haikuhurumii. Chukua boksi gumu, ukate mfano wa herufi U, kwa ndani livae kwenye tairi lako la sasa na kwa nje liwe na upana wa lile unalolitaka, livalishe kwa nyuma, lisogeze mpaka usawa wa cheni, zungusha gurudumu taratibu. Ikibaki chini ya milimita 5 achana nalo, maana cheni hucheza ikiwa kwenye mwendo na tairi nalo huvimba kidogo likikimbia. Pima pia kule mbele karibu na shina la swingaamu, ule uma unaoshika gurudumu la nyuma, kule ndo kunabana zaidi. Na upana usiusome ubavuni tu, tafuta vipimo vya kampuni yenyewe kwa tairi hilo, 120 ya huyu sio 120 ya yule, afu ukiongeza upana wa ringi kwa nusu inchi tairi lile lile linatanuka kama milimita 5 hivi. Watu wengi hiyo ya mwisho wanaisahau.

Sasa nazipanga njia za kupata tairi pana kwa jinsi ningenunua mimi.

Namba moja: ringi pana hatua moja tu, kwenye habu yako ile ile, yani kitovu cha gurudumu. Kama una 1.85 (upana wa ringi kwa inchi) nenda 2.15, kama una 2.15 nenda 2.50. Kwenye pikipiki za Kiingereza utakuta zimeandikwa WM2 na WM3, usichanganyikiwe, WM2 ndo 1.85 na WM3 ndo 2.15. Naiweka juu kwa sababu breki inabaki yako, sproketi yako, bushi zako, ekseli yako, hakuna kitu cha kuchongesha, na ukichukua ya alumini, za Excel au Borrani kwa mfano, uzito unapungua badala ya kuongezeka, kitu ambacho utakisikia kwenye mashimo kabla hata hujakiona kwa macho. Kwenye 2.50 tairi la 120/90-18 linakaa vizuri, linajaa, na bado pikipiki inafanana na yenyewe.

Ila hapa pia ndo kwenye makosa mengi ya ununuzi. Hesabu matundu ya habu kwanza, kuna 36 na kuna 40, na usiishie kuhesabu, matundu ya ringi hutobolewa kwa kulala pembe fulani kufuata habu, ringi iliyotobolewa kwa habu ndogo ukiisukia kwenye habu kubwa ya breki ya dramu spoku zinapinda shingoni pale kwenye nipo (kale kanati kanakokaza spoku kwenye ringi) na ndo zinazokatika baadae. Mpe muuzaji jina la pikipiki na mwaka, au mpelekee habu yenyewe. Spoku nunua mpya zilizokatwa kwa vipimo vya ringi hiyo, za zamani usizirudishe hata kama zinang'aa. Na kabla fundi hajafungua spoku hata moja, weka rula iliyonyooka kwenye uso wa dramu, pima mpaka ukingo wa ringi, andika ile namba ukutani. Bila hiyo namba anasuka kwa kubahatisha. Fundi mzuri wa kusuka anaweza kuivuta ringi milimita 2 au 3 kutoka kwenye cheni na usijue tofauti barabarani, zaidi ya hapo gurudumu la nyuma linaanza kutembea njia yake na la mbele njia yake.

Namba mbili, tairi peke yake, ringi usiiguse. Wengi ukweli wangeishia hapa wakaridhika. Kama una 4.00-18 kwenye ringi ya 2.15, basi 110/90-18 ni kama ndugu yake tu, na 120/90 ndo mwisho wako. Kama ni 3.50-18 kwenye 1.85, kama zile Yamaha RD350, ishia 100/90. Sababu ni kwamba tairi pana kwenye ringi nyembamba linaminywa miguuni, kifua kinatuna katikati kama yai, kwaiyo mpira unaogusa lami hauongezeki ulivyodhani, na kwenye kona nyuma inayumba kama ina upepo mdogo. Ile 130 yangu hata kama cheni isingeila bado ilikuwa makosa, hiyo inataka 2.50 kwenda juu na hukaa sawasawa kwenye 3.00. Angalia na kimo: 110/90-18 lina kama milimita 655 toka juu mpaka chini, 120/90 linafika 673, yani karibu asilimia 3 zaidi, gia zote zinakuwa ndefu kidogo, dabo stendi inaanza kuwa fupi, na kama spidomita yako inazungushwa na nyuma itakudanganya kwa kusoma chini.

Namba tatu ni gurudumu zima la pikipiki ya miaka ya karibuni. Linavutia maana linaonekana rahisi, unanunua likiwa na breki na tairi juu. Kinachokula hela ni vilivyobaki: bushi za pembeni za kuchongesha kwa fundi wa leti, beringi zenye tundu la ekseli yako, sproketi kuilinganisha na ya mbele, na ule mkono unaozuia breki isizunguke, huo usifungwe kwa ubabaishaji hata siku moja, ukiachia gurudumu linajifunga ghafla. Nunua tu kama unaweza kulipeleka kwenye pikipiki na kulipima kabla ya kutoa hela.

Namba nne, swingaamu na gurudumu pamoja. Hapo unajenga pikipiki nyingine. Inawezekana, nimeona zilizotoka safi, ila shokapu zinahama, cheni inakuja kugusa fremu, na injini haisogei kukufuata.

Za kukataa kabisa: sproketi ya mbele iliyosogezwa nje sana ili upate nafasi ya tairi la 160. Milimita chache sawa, nyingi zinaitesa beringi ya shafti na sili inaanza kuvuja oili. Na yule anayekwambia atachoma swingaamu moto aitanue kidogo, mshukuru uondoke.

Ukikwama kwa milimita mbili tu kuna njia ya pembeni, kama unatumia cheni ya saizi 530 hamia 520, ni nyembamba, inabidi ubadilishe sproketi zote mbili na uchague iliyo imara kwa nguvu ya injini yako. Mimi ndo nilivyomalizia, 520 na ringi ya 2.50 na 120/90, na nimebakiwa na milimita 7.

Usisahau kwenye bili tyubu ya saizi mpya na mkanda wa ndani wa kufunika nipo, maana ile tyubu ya zamani ukiilazimisha inavutika inakuwa nyembamba. Nafasi ya tairi na madigadi pima ukiwa umekalia na mtu nyuma, sio ikiwa kwenye stendi. Spoku zigonge na spana ndogo baada ya safari za mwanzo mbili tatu, inayolia butu imelegea, rudi kwa aliyesuka.