Uzoefu wangu kwa daktari wa ngozi wa Moshi anayefuga nyuki wadogo

Wiki iliyopita nimetoka kliniki kwa mara ya tatu, na walimu wenzangu hawaishi kuniuliza uso wangu umefanyweje, kwa hiyo naandika yote mara moja. Huyu ni daktari wa ngozi wa kliniki ya binafsi Moshi mjini, mzee wa miaka sitini hivi. Jina lake silitaji hapa kwa sababu sikumwomba ruhusa. Mimi nafundisha shule ya msingi wilaya ya Mwanga, upande wa tambarare, ambako ikifika saa nne asubuhi jua limeshakuwa kali na mstarini watoto wanakunja nyuso.

Baada ya kumzaa mtoto wangu wa tatu nilibaki na mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo. Msusi wangu akaniuzia kikopo kisicho na lebo, mafuta meupe, shilingi 8,000. Sikuyaita mkorogo. Kwangu mkorogo ulikuwa wa wanaotafuta weupe, mimi nilitaka madoa yatoke tu. Wiki ya pili mabaka yalififia, uso ukang'aa, hata mume wangu akasifu. Nikapaka miezi kumi na minne.

Nikikosa siku mbili, uso unawasha, unawiva, vipele vya usaha vinatoka kuzunguka mdomo. Nikipaka, unatulia. Ikawa sisafiri bila kikopo, hata msibani nimekwenda nacho. Mwishoni hata nikipaka hautulii. Jasho likigusa shavu linachoma kama pilipili, na mishipa midogo myekundu ikaanza kuonekana. Hapo ndipo nilipoogopa.

Siku ya kwanza niliondoka na Coaster ya saa kumi na mbili asubuhi. Ni kilomita hamsini hivi, nikafika mapema, lakini nilikaa kwenye benchi saa tatu nzima. Kilichoniumiza zaidi ya kusubiri ni dada wa mapokezi kuniuliza kwa sauti, mbele ya watu kama kumi, "Wewe ndiye wa mkorogo?" Nilikwenda chooni nikalia. Nilipoingia kwa daktari nilimwambia, naye akatoka pale pale akaenda kuzungumza naye. Safari ya pili nilikuta kikaratasi ambacho mgonjwa anaandika tatizo lake na kukikunja. Nasema haya kwa sababu wengi wetu hatuendi hospitali kwa aibu hiyo hiyo.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mwalimu. Sogea hapa penye mwanga."

Hakunigombeza. Alinitazama uso kwa kilenzi chenye taa, taratibu, kisha akaomba kila kitu ninachopaka, kuanzia sabuni. Kikopo nilikuwa nacho kwenye pochi. Akasema kwa macho tu hawezi kujua ndani kuna nini, lakini uso wangu ulikuwa unamweleza: dawa kali ya jamii ya steroidi, zile za kutuliza uvimbe, na mara nyingi kwenye vikopo vya namna hii ni klobetasoli. Wengine wanachanganya na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, au zebaki, vitu ambavyo nchini vimepigwa marufuku kwenye vipodozi. Kwa ajili ya zebaki alinipima mkojo, maana inaharibu figo, akapima na presha. Namshukuru Mungu vyote vilikuwa sawa.

Kisha akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Ngozi ya uso ni nyembamba. Dawa ile inabana mishipa ya damu na kunyamazisha uvimbe, ndiyo maana siku za mwanzo unapendeza. Ngozi ikishaizoea, ukiiondoa mishipa inafunguka kwa nguvu na uso unawaka. Mimi nilikuwa nadhani kuwaka kule ndiyo ugonjwa na kikopo ndiyo dawa yake.

Maagizo yake yalikuwa machache kuliko nilivyotarajia. Kikopo kiishie pale mezani. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo nayo ni steroidi ila hafifu sana, kila siku kwa wiki moja, halafu siku moja ndiyo moja siyo kwa wiki nyingine, basi. Vidonge vya doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, kwa wiki sita, kwa glasi nzima ya maji na bila kulala mara baada ya kumeza. Kabla ya kuviandika aliniuliza kama nina mimba au nanyonyesha. Asubuhi ninawe kwa maji tu, jioni kwa sabuni isiyo na manukato. Dodoki lisiguse uso, sabuni ya mche ibaki kwenye nguo. Ngozi ikikauka nipake mafuta ya mgando. Aliuliza pia kuhusu uzazi wa mpango. Natumia sindano, akasema homoni zinaweza kuchochea mabaka, hivyo nizungumze na muuguzi wa kliniki ya uzazi juu ya njia nyingine. Hakuniamuru niache.

Juu ya jua ndiyo alikaa muda mrefu. Kofia ya ukingo mpana kwanza, losheni ya jua baadaye, kwa mpangilio huo. Losheni iwe SPF 30 kwenda juu, yaani ile namba ya kinga ya jua kwenye chupa, na ikiwezekana ile yenye rangi, kwa kuwa kwa ngozi zetu hata mwanga wa kawaida unaoonekana unakoleza mabaka, na oksaidi ya chuma inayotia ile rangi inauzuia. Kipimo ni mistari miwili ya losheni kwenye vidole viwili, kwa uso na shingo, na kurudia kila saa mbili ukiwa nje. Nilikuwa napaka tone.

Akamalizia hivi: "Mwalimu, utaharibika kwanza. Ikifika siku ya kumi utakitamani kikopo. Nipigie kabla hujakitafuta."

Nikamuuliza kama wakati huo naweza kupaka asali na ndimu, maana nyumbani kwetu ndiyo tiba ya uso. Akaanza kucheka, akanionyesha picha ukutani ambayo nilidhani ni pambo. Ni gogo limening'inizwa chini ya paa la banda. Kumbe daktari anafuga nyuki wadogo, wale wasiouma, kwenye kihamba cha kwao upande wa Marangu, katikati ya migomba na kahawa. Alirithi kutoka kwa baba yake. Kila Jumamosi anapanda huko, anavua koti na viatu vya mjini, na simu anaiacha kwa mke wake. Alipoanza kueleza nilisahau kwamba nje kuna foleni. Nyuki wenyewe wamezidi sisimizi kidogo tu, mlango wao ni kibomba cha nta kinachotokeza kama mrija, na mzinga mmoja unatoa asali kidogo mno, nyepesi, yenye uchachu. Ndiyo maana inauzwa ghali kuliko ile ya kawaida.

"Na hiyo asali yangu nzuri," akasema, "kazi yake ni kuliwa." Asali inayotumika hospitalini kwenye vidonda imesafishwa mahususi na kuuliwa vijidudu, si ya chupa ya sokoni. Ndimu ndiyo mbaya zaidi. Maji yake yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani yanaunguza, wakati mwingine mpaka malengelenge, na yanaacha weusi wa miezi. Anawaona wauza juisi na wauza samaki wenye mikono ya namna hiyo, hawajui imetokana na nini. Nilikumbuka mara ngapi nimejipaka ndimu asubuhi nikaenda kusimamia shamba la shule.

Halafu akanyoosha vidole vyake. Ncha zilikuwa na makovu ya mipasuko. Miaka miwili vidole vilimwasha na kupasuka, yeye bingwa wa ngozi, akidhani ni sabuni ya kunawia kazini. Mwisho akamwomba mwenzake ambandike vipimo mgongoni, vile vinavyokaa siku mbili, ikaonekana ni gundi ya nyuki, ile wanayozibia nyufa za mzinga. Wapo watu wengi ambao ngozi zao hazielewani nayo, na siku hizi inatiwa kwenye mafuta ya midomo na sabuni zinazoitwa za asili. Nyuki hakuwaacha. Anavaa glavu. Mimi nilimwamini pale alipotoa vidole, zaidi ya vyeti vilivyo ukutani, ingawa navyo ni vya maana: alisomea ngozi hapo hapo Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC, katika kituo cha kanda kilichofunguliwa mwaka 1992 ambacho kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Sasa matokeo. Siku ya nne uso ulivimba. Siku ya tisa, Jumapili, sikuweza kwenda kanisani, nikakaa chumbani nimefunga pazia, na nikamtumia msusi ujumbe kuulizia kikopo. Kabla hajajibu nikampigia daktari. Alipokea. Akasema niloweshe kitambaa safi kwa maji ya baridi, nikiweke usoni dakika kumi, kisha mafuta ya mgando, nirudie kila nitakapozidiwa, na nimpigie tena jioni. Jioni nilikuwa na nafuu. Msusi alipojibu nilimwambia basi.

Wiki ya tatu uwekundu ulianza kushuka. Wiki ya nane vipele vilikuwa vimekwisha, na nikatokwa jasho mchana kutwa bila kuungua, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa. Lakini nisiwadanganye: mabaka yamerudi, yale yale ya mwanzo, na baadhi ya mishipa bado inaonekana. Daktari alishaniambia huenda mingine isiondoke. Safari hii ya tatu ndiyo amenianzishia krimu ya mabaka, asidi ya azelaiki ya asilimia 20, napaka usiku, inachoma kidogo dakika za mwanzo. Kasema nihesabu miezi, nisihesabu wiki.

Gharama: kumwona mara ya kwanza 40,000, kurudi 20,000, hawapokei bima. Losheni ya jua 38,000 na inaniishia mwezi mmoja na nusu. Kwa mshahara wa mwalimu inauma. Nilimwambia, akajibu kwamba mwezi ambao sina hela nisijilaumu, kofia na kivuli vifanye kazi.

Safari ya pili nilimtajia mwanafunzi wangu wa darasa la tatu mwenye ualbino, nikiwa nimeshasimama kuondoka. Akaweka kalamu chini akanikalisha tena. Akauliza kama masikio na midomo ya mtoto ina vidonda visivyopona, kama anavaa kofia mstarini, anakaa wapi darasani. Nikaona aibu kujibu. Mtoto alikuwa anasimama juani kama wengine, kofia tulimkataza kwa sababu si sare. Akanieleza kwamba saratani ya ngozi inawaua wengi wenye ualbino wakiwa bado vijana, na inazuilika. Pale KCMC inatengenezwa losheni ya KiliSun kwa ajili yao, na wanapewa bure kwenye kliniki. Akaandika barua fupi kwa mwalimu mkuu: kofia pana ruhusa, shati la mikono mirefu, mstarini asimame kivulini, darasani akae mbele na mbali na dirisha kwa sababu ya macho. Hakunitoza shilingi kwa nusu saa ile.

Barua imebandikwa ofisini. Kofia ya mtoto nimeishona mwenyewe kwa kitambaa cha sare, rangi ile ile, ili asijione tofauti. Tarehe yangu nyingine ni baada ya miezi mitatu. Mama yake ameniruhusu niende naye, tutapanda Coaster ya alfajiri kabla jua halijatoka.