Kibanda umiza cha Kirumba: Entebbe kwa jero, tatizo DJ hanyamazi

Jina la banda la muvi sitaji, mwenyewe ni jirani na tunasalimiana kila asubuhi, ila ukishuka Kirumba hapa Mwanza unaelekea Mwaloni ukaanza kusikia harufu ya dagaa na mlio wa sabufa kwa pamoja ujue umekaribia, we fuata sabufa tu. Nimeshaingia pale zaidi ya mara kumi. Hii ni ya Jumanne iliyopita walipoweka muvi ya Entebbe, ile ya komando wa Israeli wa 1976, na naandika ndefu kwa sababu nilifurahi na kukereka usiku huo huo.

Kiingilio jero. Mpira mkubwa buku. Mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, feni moja inayozunguka upande wa mwenye banda, flati kubwa imefungiwa kwenye kreti la nondo isiibiwe. Karanga na kashata unaletewa mpaka ulipokaa, kahawa ipo nje kwa mzee wa birika, kuchaji simu mia tatu. Choo sizungumzii. Joto lipo, mabati hayana dari, nenda na shati jepesi.

Siku hiyo mwezi ulikuwa mkubwa, na mnaokaa huku ziwani mnajua mwezi ukijaa wavuvi wa dagaa hawaingii, taa zao hazivuti kitu, dagaa wanatawanyika, kwa iyo vijana wote wako nchi kavu hawana kazi na hela ya wiki iliyopita bado ipo kidogo. Banda likajaa mpaka mlangoni. Nawataja wavuvi makusudi maana ndo walionisaidia kuielewa ile muvi kuliko DJ.

Sa twende kwa DJ. Muvi yenyewe imetafsiriwa, ile sauti ya DJ inayorekodiwa juu ya picha, na mi sina chuki na muvi za DJ, bibi yangu aliangalia za Kihindi miaka yote kwa sauti hizo na akalia machozi halali. Kwenye ngumi DJ yuko vizuri, kwenye mapenzi anachekesha. Ila hii ni habari ya watu waliosafiri zaidi ya kilomita 4,000 usiku, ndege nne za jeshi za C-130 zinapita chini chini juu ya Bahari ya Shamu ili rada zisiwaone, kila kitu kimekaa juu ya kutosikika, alafu jamaa anaongea kuanzia wanapanda ndege mpaka wanashuka! Ndani ya ndege makomando wamekaa kimya wanaangaliana, pale ndo ulitakiwa usikie injini tu na roho yako ikienda mbio, yeye anatangaza "wanangu hawa jamaa leo kuna mtu atalia". Tena kasema wako mia tano. Hawakuwa mia tano bana, kikosi chote kilikuwa kama mia moja, na walioingia kwenye jengo lenyewe la mateka ni wachache sana, kama thelathini hivi.

Kwa ambao hamjui kisa: tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv ikapitia Athens kuelekea Paris ilitekwa na watu wanne, Wapalestina wawili na Wajerumani wawili, ikapelekwa Benghazi kuongeza mafuta na kesho yake ikatua Entebbe, Uganda. Idi Amin akawapokea watekaji kama wageni wake. Abiria wasio wa Israeli wakaachiwa kwa mafungu, wakabaki mia moja na kitu pamoja na rubani Michel Bacos na wenzake ambao waligoma kuacha abiria wao. Hiyo sehemu ya rubani DJ kaipita kama daladala inavyopita kituo bila abiria.

Mipango ndo utamu wenyewe na muvi imeionyesha vizuri, yani jengo la zamani la abiria pale Entebbe lilijengwa na kampuni ya Israeli, michoro ipo, na abiria walioachiwa walipofika Paris wakahojiwa watekaji wangapi, wanakaa wapi, mlango unafungukia upande gani. Wakajenga mfano wa lile jengo wakafanyia mazoezi. Kisha wakatafuta benzi nyeusi kama ya Amin, waiteremshe kwenye ndege na Land Rover nyuma yake, askari wa getini wadhani mheshimiwa anarudi zake toka Mauritius kwenye mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika.

Hapa jirani yangu wa benchi, kijana wa Igombe, akasema kwa sauti "sa si ndo kama sisi tunavyozima taa doria ikipita". Banda zima likacheka na mi nikacheka ila nikamwangalia mara mbili.

Alafu ikaja ile ya mamba. DJ akadai makomando wametokea ziwani na boti, "wamepita huku huku kwetu Mwanza wanangu!" Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama. Sa kuna mzee mmoja huwa anakaa benchi la mbele karibu na feni, alipigana vita vya Kagera, wote tunamwamkia shikamoo mzee kabla ya kukaa, na yeye huwa haongei kabisa. Siku hiyo akageuka akasema hapana, hawakupita ziwani, wazo la ziwa lilikuwepo, kudondosha wapiganaji wa majini na boti za mpira waje watokee Entebbe kwa maji, wakaliacha, muda hautoshi na tena waliambiwa Victoria kuna mamba.

Yesu wangu. Muvi ilisahaulika. Wavuvi wakachachamaa, komando mzima anaogopa mamba? Mmoja wa Ukerewe akasema kwao watoto wanaoga na wanajua saa ya kutoka, mwingine akamrukia kwamba watoto wa kwenu hawatoki wote, mwingine akasema mamba si kitu, wangekutana na kiboko usiku hiyo boti ya mpira ingekuwa chapati. Kuna aliyesema shida wala si mnyama, ni upepo, mtu asiyejua ziwa hili anaweza kudhani limelala saa tatu na saa sita linampindua. Mzee akawaambia haya, ndo maana wakaja na ndege. Kama dakika tano hivi tumebishana kuhusu mamba huku watu wanateremka kwenye C-130 nyuma yetu, na nasema kweli hizo dakika tano peke yake zina thamani ya jero.

Ndege ya kwanza ilitua kama saa sita usiku kwa saa zetu, kuamkia tarehe 4 Julai. Kabla haijasimama kuna vijana walishuka ikiwa bado inatembea wakaweka taa ndogo pembeni ya ranwei, ili uwanja ukizimwa taa ndege za nyuma zipate pa kukanyagia. Wavuvi waliielewa hii bila kuambiwa, "ametega taa" ndo nilisikia nyuma yangu. Benzi ikaondoka taratibu kuelekea jengo la zamani. Na hapo sasa askari wawili wa zamu wakanyanyua bunduki kuwasimamisha. Wanasema Amin alikuwa kashahamia benzi nyeupe, kwa iyo nyeusi iliwatia mashaka. Wakapigwa na bastola zenye sailensa, haikutosha, ikabidi zilie za kawaida, na kimya chote walichokibeba toka Israeli kikavunjika mita chache kabla ya mlango.

Umeona? Hapo ndo nataka DJ anyamaze halafu bunduki ndo iongee. Kama ameshapiga kelele dakika arobaini, huo mlio wa kwanza unakuwa hauna maana yoyote, ni kelele nyingine juu ya kelele. Nilimwangalia kijana wa Igombe, hakushtuka hata kidogo, alikuwa anamenya karanga.

Kilichonikera kweli ni ndani ya ukumbi. Makomando waliingia wanapiga kelele kwa Kiebrania na Kiingereza watu walale chini, na kuna kijana wa miaka 19, Jean-Jacques Maimoni, aliinuka, wakampiga risasi wenyewe wakidhani ni mtekaji. Yani mtu kasubiri wiki nzima aokolewe. DJ akatia utani, "huyu nae kiherehere", na watu wakacheka kwa sababu hawakujua wanacheka nini. Mi sikuwalaumu. Mateka watatu walikufa pale, na kamanda wa waliovamia jengo, Yonatan Netanyahu, alipigwa risasi nje akafa, ndo komando pekee aliyekufa usiku ule. Mateka 102 waliondoka hai. Watekaji waliokuwepo pale waliuawa wote, na askari wa Uganda wengi tu, makumi, vijana wa zamu waliowekwa walinde kitu ambacho wala hawakukianzisha wao. Kwenye hilo banda liligawanyika, kuna waliokuwa wanashangilia kama goli na kuna mama mmoja muuza mihogo aliyesimama mlangoni akawa anasema "na hao nao wana mama zao jamani", na hakukuwa na aliyemjibu.

Muvi ikafika wanapolipua zile ndege za kivita za Amin, MiG, zisije zikawafukuza. Umeme ukakata. Sio Tanesko, LUKU ya banda iliisha! Mwenye banda na simu yake anahangaika kununua, mtandao unasumbua, ndani giza tii, joto linapanda, na DJ hatimaye kanyamaza.

Ndo mzee akamalizia. Hakuigiza wala hakupandisha sauti. Akasema walikaa pale chini kama saa moja na nusu, wakapakia watu, wakaenda kujaza mafuta Nairobi, na Amin kwa hasira akawageukia Wakenya waliokuwa wanaishi Uganda. Akasema kuna bibi mmoja, Dora Bloch, alikuwa amepelekwa Mulago kwa sababu alisakamwa na chakula, komando wakaondoka yeye yuko hospitali, akatolewa kitandani akauawa. Mabaki yake yakapatikana 1979, baada ya jeshi letu kumng'oa Amin. Kisha akasema kitu ambacho bado nakitafuna: "Wale walikuja na ndege usiku mmoja. Sisi tulikwenda Entebbe kwa miguu." Kijana mmoja akamuuliza babu ilikuwa lini, akasema Aprili 1979, brigedi ya 208, wametoka Kagera wamepita Mutukula, Masaka, matope ya Lukaya, na usiku wa kutembea ulikuwa mwingi kuliko usiku wa kupigana, kukohoa marufuku, sigara marufuku, unashika mkoba wa aliye mbele yako usipotee. Akasema lile jengo la zamani aliliona kwa macho, matundu ya risasi za 1976 yako ukutani, na wao hawakuwa na habari nayo, walikuwa wanatafuta maji ya kunywa.

Mtu akauliza kama Mwanza ilipigwa. Akasema Machi mwaka ule ule ndege ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin ilidondosha mabomu huku, yakakosa mji yakaangukia kisiwa cha Saanane, wakafa swala. Mi nimezaliwa Mwanza hii, nimepelekwa Saanane na shule kuangalia wanyama, na hilo nilikuwa silijui.

Banda lote lilikuwa kimya. Ulikuwa unasikia hadi maji yakigonga mitumbwi kule chini.

Umeme uliporudi muvi ikaanza MWANZO. Flashi ile haikumbuki ilipoishia na mwenye banda hajui kupeleka mbele bila kugandisha picha. Watu wakapiga miluzi, nusu wakatoka. Nikamfuata nikamwambia bosi, hii muvi iweke siku moja bila DJ, weka ya lugha yake, mzee akae mbele awaeleze watu, mtajaza. Akaniangalia kama nimemwomba mkopo. "Bila DJ nani ataingia?" Nikamwambia watu wameingia kwa mzee nusu saa nzima bila hata picha. Akasema mzee hamlipi na DJ tayari yuko kwenye flashi.

Nyota nampa tatu kwa tano. Moja nimekata kwa ajili ya Maimoni. Nyingine ni ya LUKU, huwezi kukusanya jero za watu themanini ukashindwa kununua yuniti za elfu mbili. Tatu zilizobaki mbili ni za mzee, moja ya kashata.

Mkienda: fikeni mapema mkae upande wa kushoto, kulia kuna nguzo. Nendeni na chenji, hana chenji kamwe. Mzee huwepo zaidi siku za mbalamwezi kwa sababu watoto wake wavuvi wako nyumbani wanamsindikiza, na msimwombe asimulie, we mwamkie tu ukae, DJ akikosea ataongea mwenyewe.

Na hela hawarudishi. Tuliotoka tulipewa kipande cha boksi kimeandikwa kwa peni "Entebbe kesho bure". Kesho yake nilirudi nacho, nikakuta wameweka mpira, kiingilio buku, na boksi langu halikubaliki kwenye mpira. Bado ninalo hapa kwenye kava la simu.