Tathmini: Punda wa Mizigo katika Mji wa Kale wa Lamu

Mtu anayekarabati nyumba katika mji wa kale wa Lamu hana budi kuamua mapema jinsi saruji, mchanga na mawe yatakavyomfikia mlangoni, kwa kuwa vichochoro vya mji huo, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ni vyembamba mno kwa gari. Mimi nilikodi punda, na kwa kazi ya namna hiyo sioni usafiri wa kuwashinda.

Mchanga ulioshushwa na jahazi ufukoni hutiwa katika viroba, kisha kila punda hubebeshwa viwili, kimoja ubavu huu na kimoja ubavu wa pili, juu ya shogi, yaani tandiko la punda la kubebea mizigo. Baada ya safari mbili tatu wanyama huishika njia, hata kijana mmoja akaweza kuongoza msafara mzima kwa kuwasemesha tu. Mkokoteni hukwama penye ngazi. Pikipiki, ambazo siku hizi zimeanza kupenya mjini, hubeba kidogo na kuwakera wapita njia.

Kasoro niliyoiona haikuwa ya punda bali ya mwenye punda. Tulikuwa tumepatana malipo ya kazi nzima, naye, ili apunguze safari, akaanza kupandikiza mfuko wa tatu wa saruji mgongoni, ilhali mfuko mmoja ni kilo 50. Nilipoomba shogi la punda mmoja lifunuliwe, nilikuta kidonda kibichi mahali kamba ilipokuwa ikisugua. Punda huyo alipumzishwa, lakini baada ya mabishano. Jambo hili halina udhuru, kwani shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilifungua zahanati ya punda papo hapo Lamu mwaka 1987, na matibabu yake ni ya bure. Kwa hiyo nashauri mpatane kwa safari, mkitaja na idadi ya mifuko, na mkague migongo kabla ya kulipa arubuni.

Nauli si ya chini, wala siilalamikii. Machinjio ya punda yaliyoanza kufunguliwa Kenya mwaka 2016 kwa ajili ya biashara ya ngozi, ambazo China huzichemsha kutengenezea dawa ya ejiao, yaliwapunguza wanyama hawa na kupandisha bei yao, na punda jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12 ili azae mtoto mmoja tu. Umoja wa Afrika uliamua kuipiga marufuku biashara hiyo Februari 2024.

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Anayeihitaji asisubiri juma la Maulidi, kwa sababu wakati huo kuna mbio za punda na vijana wengi wa mizigo huwa huko.